Dawa Moja, Saa Mbili: Historia ya Sindano ya Uchungu



Hapa Golf, kama katika mitaa mingine ya Lubumbashi, si ajabu kumsikia mama akisimulia namna alivyojifungua, akasema: “Walinipiga sindano ya kuhimiza uchungu, mtoto akatoka upesi.” Wenzake humwona mwenye bahati. Lakini mara nyingine twasikia habari ya pili, nayo husimuliwa kwa sauti ndogo. Mama alipigwa sindano ile ile. Uchungu ukazidi kupita kiasi, kisha ukakoma ghafula. Akapakiwa garini usiku kupelekwa hospitali kubwa, na huko ikaonekana kwamba mji wa mimba umepasuka.

Je, hizi ni dawa mbili? Sivyo, ni moja. Tena ni dawa hiyo hiyo ambayo, ikitolewa mara tu mtoto akiisha kuzaliwa, huwaokoa akina mama wasife kwa kutokwa na damu. Kinachotofautisha ni saa ya kuitoa, kipimo chake, na mkono unaoitoa. Somo hili si geni. Wanadamu wamelisoma kwa machozi mara nyingi, nao wamelisahau mara nyingi. Basi twataka kuwaeleza historia yake, ili nasi tusiwe miongoni mwa wasahaulifu.

KAZI YA MJI WA MIMBA

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Mji wa mimba ni msuli mnene. Mimba inapotimia, damu inayopita humo kila dakika ni nusu lita au zaidi. Mtoto akiisha kutoka na kondo la nyuma likabanduka, mishipa ya damu pale lilipokuwa limeshikana hubaki wazi. Mwenyezi Mungu ameweka njia ya kuifunga: nyuzi za msuli huizunguka mishipa hiyo, na mji wa mimba ukijikaza nyuzi hizo huibana kama kamba ifungavyo mdomo wa gunia. Mji wa mimba usipojikaza ukabaki mlegevu, mama aweza kufa katika muda wa saa chache tu.

Basi baada ya kuzaa, kukaza ni uzima. Kabla ya kuzaa mambo ni mengine. Hapo mji wa mimba hauna budi kukaza kisha kulegea, kukaza kisha kulegea, kwa sababu mtoto hupata hewa kwa damu ya mama wakati wa kulegea. Ukikaza bila kupumzika, mtoto hukosa hewa. Na ikiwa kichwa cha mtoto hakiwezi kupita katika nyonga, kadiri msuli unavyosukuma ndivyo unavyozidi kunyooka na kuwa mwembamba, mpaka unapasuka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mama aliyekwisha zaa watoto wengi, na kwa mama mwenye kovu la kupasuliwa zamani.

HABARI YA BUNYORO, 1879

Watu wa Afrika walijua tangu zamani kwamba mji wa mimba lazima ukazwe baada ya mtoto kutoka. Ushahidi mmoja ulio maarufu watoka katika nchi ya Bunyoro, Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa amesoma uganga, alimwona mganga wa nchi akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili asisikie maumivu sana, na kwa pombe hiyo mganga akaosha mikono yake na tumbo la mama. Akampasua, akamtoa mtoto na kondo la nyuma, kisha akaushika mji wa mimba na kuubana kwa mikono mpaka ukajikaza. Penye damu akachoma kidogo kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa misumari myembamba na uzi, akapaka dawa ya mizizi. Felkin alichapa habari hiyo mwaka 1884 huko Edinburgh, nayo ilisema kwamba mama na mtoto walikuwa hai alipowaacha siku kadha baadaye.

Hatusemi kila mganga wa zamani alikuwa hodari namna hiyo. Twataka tu msomaji aone kwamba mganga yule alijua saa ya kukaza. Aliubana mji wa mimba baada ya mtoto na kondo kutoka, wala si kabla.

UNGA WA MGANGA MWENYE HARAKA

Ulaya nako wakunga walikuwa na dawa ya kukaza, nayo ilitoka shambani. Katika nafaka iitwayo rai huota namna ya kuvu nyeusi, inayoitwa egoti. Watu waliokula mkate wenye kuvu hiyo waliugua vibaya sana, lakini wakunga walitambua kwamba kidogo chake huamsha uchungu. Mwaka 1808 Daktari John Stearns wa Marekani aliandika barua kuwajulisha waganga wenzake habari za unga huo. Alisifu jinsi unavyomaliza uchungu uliokawia, tena unavyomwokolea mganga saa nyingi za kungoja.

Tuyashike maneno hayo ya kuokoa saa, kwani mkosi wote ulianzia hapo. Waganga wengi wakaanza kutoa unga ule ili kumaliza kazi upesi. Haikupita miaka mingi watoto wakawa wanazaliwa wafu, na mama wanapasuka. Mwaka 1824 Daktari David Hosack wa New York aliwaonya wenzake kwamba unga ulioitwa wa kuzalia wastahili kuitwa unga wa mauti. Hakuutupa, lakini. Alisema ubaki kwa kazi moja, yaani kuzuia damu baada ya kujifungua. Na kweli, mwaka 1935 wataalamu wa London walipata katika egoti dawa safi iitwayo egometrini, ambayo hata leo hutumika kuzuia damu. Ila haifai kabisa kabla ya mtoto kutoka, wala haipewi mama mwenye presha ya damu, kwa maana huipandisha zaidi.

SOMO LA PILI, KOSA LILE LILE

Mwaka 1906 Henry Dale, mtaalamu wa Uingereza, aliona kwamba maji yaliyokamuliwa katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa mnyama hukaza mji wa mimba. Mwaka 1909 Daktari William Blair-Bell wa Liverpool aliandika habari za kuyatumia kwa akina mama. Ikawa furaha kubwa. Lakini angalia jinsi mwanadamu asivyokumbuka: waganga walianza kupiga sindano nzima kabla ya mtoto kuzaliwa, kama baba zao walivyofanya kwa unga wa egoti, na mji wa mimba ukawapasukia mikononi. Ilipasa wajifunze upya kutoa kidogo kidogo, na kumkalia mama wakimtazama.

Dawa iliyomo katika maji yale ya tezi ndiyo oksitosini. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud, huko New York, aliweza kuiunda yote kwa kazi ya maabara, bila kuhitaji tezi ya mnyama. Mwaka 1955 akapewa tuzo ya Nobel. Tangu hapo oksitosini ikaenea ulimwenguni, ikawa dawa ya bei nafuu katika kichupa kidogo cha kioo. Ndiyo sindano ile ya uchungu isimuliwayo na mama wa Golf.

Ikitumika kabla ya kuzaa, mahali pake ni katika maji ya serumu, inayoingia mshipani tone kwa tone. Sababu yake ni rahisi. Uchungu ukizidi, muuguzi hufunga serumu, na nguvu ya dawa hupungua katika muda wa dakika. Lakini sindano ikiisha kupigwa pajani au takoni, ni nani atakayeitoa tena? Baada ya kuzaa, hiyo sindano ya msuli ni sawa kabisa: yunit 10 mara mtoto akitoka, ndivyo lishaurivyo Shirika la Afya la Ulimwengu. Kabla ya kuzaa, sindano hiyo hiyo ni kumsukuma mtu katika mteremko bila breki.

KATANGA NA NYUMBA ZA KUZALIA

Sasa turudi kwetu. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu 1966 huitwa Lubumbashi. Mtaa wetu umepata jina lake kwa kiwanja cha mchezo wa golf. Shughuli ya mji ilikuwa shaba, na mwenye shaba alikuwa kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906. Hapo kwanza kampuni ilichukua wanaume peke yao. Mnamo mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili shauri, ikawataka wafanyakazi wakae kambini na wake zao, kisha ikajenga hospitali na nyumba za kuzalia. Ilifanya hivyo kwa faida yake, maana ilitaka wafanyakazi wenye kudumu na watoto wenye afya. Hata hivyo desturi ilibadilika: katika kambi za Katanga, kujifungulia hospitalini kukawa jambo la kawaida mapema kuliko katika sehemu nyingi za Afrika.

Na masista je? Wasomaji wengine watashangaa kusikia kwamba kwa muda mrefu desturi na sheria za Kanisa ziliwazuia watawa kufanya kazi ya kuzalisha. Huko Nsambya, Uganda, Mama Kevin, sista wa Kifransisko kutoka Ireland, alihitaji msaada wa Daktari Evelyn Connolly, mwanamke asiye mtawa, kwa kazi hiyo. Ilikuwa tarehe 11 Februari 1936 ambapo idara ya Roma yenye kusimamia misioni ilitoa maagizo ya kuwaruhusu masista wasaidie akina mama katika uzazi. Ruhusa hiyo ilikuja pamoja na takwa: masista wajifunze vema na kupata hati za kazi yao. Roma ilijua kwamba huruma peke yake haitoshi penye dawa kali.

Mwaka 1967 Union Minière ya huku ilitwaliwa na Serikali, na kampuni mpya ikaitwa baadaye Gécamines. Katika miaka ya 1990 uchimbaji ulianguka vibaya, na hospitali za kampuni zikadhoofika pamoja nao. Watu wakalazimika kutafuta matibabu kwa fedha zao wenyewe, na zahanati za watu binafsi zikaongezeka mitaani. Nyingine zina mganga, wakunga wenye elimu, na chumba cha upasuaji. Nyingine zina muuguzi mmoja, kitanda kimoja, na kijisanduku cha dawa. Kichupa cha oksitosini chapatikana katika zote. Hapo ndipo historia ndefu tuliyoieleza ilipoingia katika mtaa wetu.

KAMPALA, 1968: NDUGU YA OKSITOSINI

Kuna dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, nayo ilipata sifa kwa kazi iliyofanywa Afrika Mashariki. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, Sultan Karim na wenzake walichapa habari za kuanzisha uchungu kwa dawa za jamii ya prostaglandini. Kazi yao ilisomwa ulimwenguni pote. Baadaye ikaja tembe iitwayo misoprostoli. Ilitengenezwa iwe dawa ya vidonda vya tumbo, lakini kwa kuwa ni ya jamii hiyo, yakaza pia mji wa mimba. Haihitaji friji wala sindano, na mahali pasipo oksitosini imewaokoa mama wengi kwa kuzuia damu baada ya kuzaa.

Lakini tazama kipimo chake. Tembe ya kawaida ina mikrogramu 200. Ili kuzuia damu baada ya kuzaa, mama aweza kupewa hata mikrogramu 600, yaani tembe tatu. Ili kuanzisha uchungu hospitalini, hupewa mikrogramu 25 kwa mara moja, yaani sehemu ya nane ya tembe. Tofauti ni mara 24. Anayekata tembe kwa wembe mezani, akampa mama kwa kukisia, anacheza na roho mbili. Na tembe ikimezwa, kama ilivyo sindano ya msuli, hairudishwi.

KARATASI ILIYOSHINDA SINDANO

Swali la mkunga aliye peke yake usiku ni hili: nitajuaje kwamba uchungu umekawia kweli, na si kwamba mimi nimechoka kungoja? Jibu moja jema lilitoka upande wetu wa kusini, ng'ambo ya Zambia. Katika Hospitali ya Harare, mjini Salisbury, Rhodesia (siku hizi mji wenyewe waitwa Harare, Zimbabwe), waganga Philpott na Castle walikuwa na shida inayofanana na yetu: zahanati za pembeni zenye wakunga bila daktari, na hospitali moja kubwa. Mwaka 1972 walichapa namna ya karatasi yenye mistari, siku hizi huitwa patografu. Mkunga huandika humo kila mara jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka, mapigo ya moyo wa mtoto, na nguvu ya uchungu. Mstari wa kwanza ni wa kutahadhari: alama zikiuvuka, mama apelekwe hospitalini. Mstari wa pili, saa nne baadaye, ni wa kutenda.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilijaribu karatasi hiyo katika hospitali nane za Asia ya Kusini-mashariki, kwa akina mama zaidi ya 35,000, na majibu yakachapwa mwaka 1994. Kabla ya karatasi, mama 21 hivi katika 100 walikuwa wakiongezewa uchungu kwa dawa. Baada yake wakawa 9 tu. Na uchungu mrefu kupita kiasi haukuongezeka, bali ulipungua karibu nusu. Watoto waliozaliwa wafu walipungua pia. Maana yake ni kwamba sindano nyingi zilizokuwa zikipigwa hazikuhitajiwa. Mwaka 2018 Shirika hilo likaongeza kusema kwamba mlango wa uzazi kufunguka polepole kuliko sentimeta moja kwa saa, mama na mtoto wakiwa wazima, si sababu peke yake ya kutia dawa. Mwaka 2020 likatoa karatasi mpya iliyofuata shauri hilo.

JOTO, FRIJI NA KICHUPA

Tumeonya juu ya dawa kutolewa kabla ya saa yake. Haifai tusahau upande wa pili, yaani dawa kukosa nguvu saa inapohitajiwa. Oksitosini huharibiwa na joto. Mahali pake ni ndani ya friji, baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikikaa juu ya kabati siku nyingi, au friji ikizimika kila umeme ukikatika, kichupa hakibadiliki rangi wala harufu, lakini nguvu hupungua. Nchini Kongo, kama penginepo Afrika, wachunguzi wamekuta vichupa vyenye dawa pungufu kuliko ilivyoandikwa. Usiku mama akitokwa na damu, muuguzi hupiga sindano, damu haikomi, naye hajui kwa nini.

Uovu huo wa pili huzaa ule wa kwanza. Muuguzi aliyezoea vichupa dhaifu hujifunza kupiga viwili au vitatu. Siku akipata kichupa kizima kilichotoka friji nzuri, mkono wake huendelea na mazoea.

Kuna matumaini. Mwaka 2018 yalichapwa majibu ya jaribio kubwa kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi kumi, pamoja na Kenya na Uganda. Yalionyesha kwamba kabetosini, ndugu ya oksitosini isiyoharibiwa na joto, yazuia damu sawasawa nayo. Ila ni ya baada ya kuzaa tu. Isitumike kamwe kuhimiza uchungu. Na mwaka 2023 yakaja majibu kutoka Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Huko waliweka chini ya mama kitambaa cha plastiki chenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ionekane kwa hesabu, si kwa kukisia. Na mama akivuka kiasi, wakampa matibabu yote pamoja bila kungoja. Kutokwa na damu kwa hatari kulipungua kwa 60 katika 100. Hakuna chombo cha ajabu hapo, ila mfuko wenye mistari na watu waliokubaliana la kufanya.

TUFANYE NINI HAPA GOLF?

Hatupendi kumhukumu muuguzi. Yuko peke yake, kitanda ni kimoja, mama mwingine angoja mlangoni, na jamaa waliokaa nje huuliza kila robo saa: “Bado tu?” Mara nyingi ni sisi jamaa tunaodai sindano. Twasema, “Mama mkubwa, umsaidie basi, umpige ile ya kuhimiza.” Tukisema hivyo tunafanana na wale waliopenda unga wa rai kwa sababu uliokoa saa.

Basi, siku mama anapokwenda kupimwa mimba, mume au mama mkwe afuatane naye, nao waulize kwa heshima maswali manne. Je, dawa ya kuzuia damu hukaa katika friji, na umeme ukikatika mwafanyaje? Je, mwatumia karatasi ya kufuata uchungu? Ikiwa lazima kuongeza uchungu, je, hufanywa kwa serumu na mtu wa kuketi karibu? Na je, mama akihitaji kupasuliwa, atapasuliwa hapa, au atapelekwa wapi na kwa gari gani? Mama mwenye kovu la kupasuliwa, au aliyezaa mara nyingi, asiridhike na nyumba isiyo na majibu. Na aende palipo na chumba cha upasuaji, kama Hospitali ya Sendwe au hospitali nyingine iliyo tayari.

Tena asifiche dawa za miti shamba alizokunywa nyumbani ili kuhimiza uchungu. Nyingine zakaza kama egoti, na zikikutana na sindano, nguvu zao huongezana. Mkunga asipoambiwa hawezi kujua.

Mtoto akiisha kulia, hapo mambo hugeuka, nasi tugeuke pia. Mama asikatae sindano ya baada ya kuzaa kwa kuogopa habari alizozisikia, maana saa yake imefika. Kila mwaka maelfu mengi ya akina mama hufa duniani kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa, na wengi wao wangeokolewa kwa kichupa kimoja kilichotunzwa vema. Kabla ya hapo, muuguzi akitwambia, “Ngojeni, mama na mtoto ni wazima,” tumshukuru, turudi kuketi kwenye benchi, tungoje.